Kabla Kitambulisho Hakijahamia Simuni

Ndugu zangu wa Chumbageni, hapa Tanga, kila mwenye simu janja namwomba afanye jambo moja kabla hajaendelea kusoma. Fungua sehemu ya picha, teremka polepole, pita za harusi, pita za watoto, pita zile salamu za Ijumaa ambazo hukumwomba mtu akutumie, kisha hesabu una picha ngapi za vitambulisho. Chako cha Taifa, kile cha NIDA, mbele na nyuma. Cha mwenzio. Cha mama, ulichokipiga siku ile ya kufuatilia mafao. Leseni ya udereva. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Kadi ya mpiga kura. Na pengine hata cha mtu ambaye humkumbuki tena, aliyekutumia umsaidie kujaza fomu.

Watu wanakizungumzia kitambulisho cha simuni kana kwamba kimetoka Dodoma na bado hakijafika hata Korogwe. Kwetu kimeshafika. Kimeingia kimyakimya, hakina kufuli, kimelala katikati ya picha za pilau. Ndiyo maana nimeandika wito huu sasa, kabla Serikali haijatuletea kile rasmi. Tuzoee kumuuliza kila anayetutaka kitambulisho anakitaka cha nini, na tuseme mapema, kwa pamoja, kwamba simu isije ikafanywa mlango pekee wa kumtambua mtu.

Nianze na steshenari, maana ndiko tunakokwenda wote. Zamani uliweka kadi juu ya mashine, ukapokea kopi yako, ukatoa mia, ukaondoka na kadi mkononi. Siku hizi kijana wa pale anakwambia, "Nitumie WhatsApp, bi mkubwa, nikutolee." Unatuma, anachapa, unalipa, mnaagana vizuri. Picha imebaki kwenye simu ya duka. Imebaki pia kwenye kompyuta ya duka, ile ambayo kioo chake kimejaa mafaili hadi huoni mandhari yake, na kama simu imewekwa ijihifadhi yenyewe, nakala nyingine imekwenda kukaa mtandaoni kwa jina la mtu usiyemjua. Yule kijana hana ubaya wowote. Lakini kompyuta huuzwa, simu huibiwa, na vijana huacha kazi wakaondoka na simu zao.

Karatasi nazo zina safari zake. Nimewahi kununua karanga za mia mbili zikiwa zimefungwa kwenye kopi ya kitambulisho cha mama mmoja wa makamo: sura yake, majina yake matatu, sahihi yake. Karanga nilizila. Karatasi niliichoma jikoni.

Ukitaka kujua uzito wa kopi ile, itazame namba yenyewe. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Yaani mtu akipata namba tu, bila jina wala picha, ameshajua umri wako. (Wapo dada zetu ambao hilo peke yake linatosha kuwafanya waifiche namba.) Ongeza jina, ongeza namba ya simu, na mtu hodari wa maneno anaweza kukupigia akajifanya yeye ni benki, au mtandao wa simu, au ofisi ya Serikali, na akakutajia habari zako mwenyewe mpaka ukamwamini. Wengi waliotapeliwa kwa simu hawakutapeliwa kwa ujinga. Waliamini kwa sababu aliyepiga aliwajua.

Sasa ongeza daftari la wageni. Mnalijua. Liko getini kwenye ofisi nyingi, la karatasi, kava limechanika, kalamu imefungwa kwa uzi. Lina mistari iliyochorwa kwa rula: jina, unakotoka, namba ya simu, namba ya kitambulisho, unayekuja kumwona, saa, sahihi. Unapoandika mstari wako unasoma mistari yote iliyo juu yako, na atakayekuja baada yako atausoma wa kwako. Binti mmoja ninayemfahamu alikwenda kuulizia nafasi ya mafunzo kazini, na kabla hajafika nyumbani akawa ameshapata ujumbe kutoka namba ngeni: "Mambo, nimekuona leo." Hakujua namba yake ilitoka wapi mpaka alipolikumbuka daftari. Hakuna teknolojia yoyote hapo. Ni tabia yetu tu ya kudai kila kitu kwa kila mtu, na kitambulisho cha simuni kikija kitaikuta tabia hiyo imekaa, na kitaifanyia kazi kwa kasi zaidi.

Mahali ambapo tumeshaona kwa macho yetu simu na kitambulisho vikigeuzwa fimbo ni kwenye mikopo ya mtandaoni. Hapa naomba tukae kidogo, maana ndilo somo tulilolilipia.

Utaratibu wake mnaujua. Unapakua programu. Inakuomba namba ya NIDA, inakuomba ujipige selfi ukiwa umeshika kitambulisho, kisha inakuletea kidirisha kidogo kinachosema iruhusiwe kuona majina uliyohifadhi, iruhusiwe kusoma ujumbe, iruhusiwe kuona picha. Mtu mwenye shida hasomi. Anabonyeza "ruhusu, ruhusu, ruhusu" kama anafukuza nzi, maana mtoto anatakiwa ada na duka limeishiwa mzigo. Fedha inaingia, tena kidogo kuliko aliyoomba, kwa sababu riba imeshakatwa mbele. Siku ya marejesho inafika baada ya wiki.

Jirani yangu mmoja, mama wa chapati na supu, alichelewa. Hakupigiwa yeye. Alipigiwa mkwewe. Alitumiwa ujumbe ustadhi wa madrasa ya wanawe, ikafuata namba ya fundi aliyemtengenezea jiko mwaka uliopita, kikaundwa pia kikundi cha WhatsApp cha watu ambao hawajuani, kinachowaunganisha ni kwamba wote wamo kwenye simu yake. Humo ikawekwa ile selfi, yeye na kitambulisho chake, na maneno kwamba ni mwizi anatafutwa. Deni halikufika shilingi elfu hamsini. Alilipa, tena akalipa zaidi, lakini kwa muda mrefu alikuwa anapitia njia ya nyuma kwenda sokoni.

Hakuwa peke yake nchi hii. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali mwaka 2024, na Novemba mwaka huohuo ikatangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni, ikawaonya wananchi wajiepushe nayo. Ni hatua nzuri. Ila namba za NIDA na sura za watu zilizokwisha kuchukuliwa hazikurudi kwa wenyewe kwa sababu ya tangazo.

Tukumbuke na mwaka 2019. Kuanzia tarehe 1 Mei mwaka huo laini zote za simu zilitakiwa kusajiliwa upya kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Mwisho ulikuwa 31 Desemba, Rais Magufuli akaongeza siku hadi 20 Januari 2020, kisha laini ambazo hazijasajiliwa zikaanza kuzimwa. Foleni za NIDA za siku zile hazihitaji kusimuliwa, kila mtu ana yake. Mimi nawakumbuka zaidi wale ambao kidole kilikataa. Mvuvi wa mwalo wa Deep Sea ambaye nyuzi za nyavu zimemfuta mistari ya vidole. Mama wa mwani wa Kigombe, mikono yake imo kwenye maji ya chumvi tangu ujana. Mzee aliyekata mkonge maisha yake yote. Mashine inasema hapana, wakala anasema weka tena, mashine inasema hapana. Mtu amesimama pale mzima, majirani wanamjua kwa jina la babu yake, na kifaa kidogo cha plastiki kinasema hajulikani.

Kulikuwa na waliokubaliwa mara mbili pia. "Haijasoma, mama, weka tena." Ilikuwa imesoma. Kidole cha pili kilisajili laini nyingine ambayo mama hakuiomba wala hakuiona, na laini za namna hiyo ndizo zilizotumika kutuma zile jumbe za kitapeli za "ile hela itume kwenye namba hii". Mpaka leo wapo watu wanaomiliki laini wasizozijua. Ukibonyeza *106# utaona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na usiyoitambua uende ukaifute kwa mtandao husika. Ujumbe wa kitapeli ukikufikia, utume pamoja na namba iliyouleta kwenda 15040, namba iliyowekwa kwa kazi hiyo. Inachukua muda mfupi kuliko kumsimulia jirani.

Sisi wa ukanda huu tuna sababu ya ziada ya kuwa na masikio. Kutembea na karatasi ya kuthibitisha wewe ni nani hakukuanza na NIDA. Wakati wa Wajerumani, mwaka 1907, kule Wilhelmstal, Lushoto ya leo, wanaume walipewa kadi za kazi zilizowalazimisha kumfanyia kazi mzungu siku 30 katika kila miezi minne. Asiyefanya alipelekwa kwenye kazi za umma. Kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga mfanyakazi alikuwa na kipande chake, na mshahara ulisubiri siku 30 za kipande zijae. Ng'ambo ya mpaka, Kenya ya mkoloni iliwalazimisha wanaume Waafrika kuvaa kipande shingoni ndani ya kikasha cha bati, chenye alama za vidole na maneno ya mwajiri. Kilikuwa kitambulisho pia. Kilimtambulisha mtu kwa faida ya anayekisoma, na aliyekivaa hakuwa na la kusema juu ya kilichoandikwa ndani.

Sisemi NIDA ni kipande. Kitambulisho cha Taifa kimetusaidia: mkulima wa Muheza anafungua akaunti bila kubembeleza mdhamini, mjane anathibitisha haki yake, mtu anapata pasi bila kutafuta mtu wa ndani. Nasema tu kwamba swali la nani anasoma, anasoma nini na kwa faida ya nani, babu zetu walilijua kwa ngozi zao, na halijazeeka.

Kinachokuja ni kikubwa zaidi. Serikali imeshatangaza mpango wa Jamii Namba, namba moja ambayo mtu ataishi nayo tangu kuzaliwa, iunganishe hospitali, shule, benki na huduma nyingine. Mkakati wa uchumi wa kidijitali wa 2024 hadi 2034 umeshazinduliwa. Duniani kote mwelekeo ni kwamba vitambulisho na leseni vinahamia ndani ya simu, na hatuna sababu ya kufikiri upepo huo utaikwepa Tanga.

Na kuna namna nzuri ya kulifanya jambo hili, lazima tuseme ukweli. Kadi ya plastiki ina kasoro moja kubwa: ukiionyesha, umeonyesha yote. Mlinzi anayetaka kujua tu kama umefika miaka 18 anaona jina lako, sahihi yako na tarehe yako yote. Kitambulisho cha simuni kilichotengenezwa kwa uangalifu kinaweza kujibu swali moja tu. Ipo kanuni ya kimataifa ya leseni za simuni, ISO 18013-5, iliyojengwa hivyo: anayeuliza anaomba anachohitaji, simu yako inakuonyesha ameomba nini, unakubali au unakataa, na jibu linakwenda kwenye kifaa chake kwa msimbo wa QR na mawasiliano ya karibu. Amefika miaka 18? Ndiyo. Basi. Jina halikutoka. Simu haikutoka mkononi mwako, na kifaa cha anayeuliza kinaweza kuhakiki jibu hata pasipo intaneti.

Hilo la simu kutotoka mkononi ndilo ninaloomba mlikazie macho. Trafiki akisimamisha bodaboda leo, dereva anatoa leseni, anampa, anasubiri. Leseni ikiwa ndani ya simu, naye akaitoa simu ikiwa imefunguliwa akampa, amempa nini? Ujumbe wa mkewe, salio lake, picha za watoto wake, mazungumzo ya kikundi cha chama, dua aliyotumiwa na mama yake. Kupekua simu ya mtu kuna utaratibu wake wa kisheria, na kuonyesha leseni kuna utaratibu wake, na hayo mawili yasije yakachanganywa kwa sababu yamekaa kwenye kioo kimoja. Nasema hivi bila kumtuhumu askari yeyote. Hata askari mwema hastahili kuwekwa kwenye jaribu hilo, na kwa hakika mlinzi wa geti hastahili.

Sisi watu wa Tanga tuna udhaifu mmoja wa kistaarabu: mtu akituomba kitu kwa upole, kukataa tunaona haya. "Niione simu yako kidogo, kaka." Tunatoa. Itabidi tujifunze kusema kwa upole uleule, "Nitakuonyesha nikiwa nimeishika mwenyewe."

Halafu kuna mambo ya kawaida kabisa ambayo waliokaa kwenye ofisi zenye viyoyozi huwa wanayasahau. Chaji. Bando. Kioo kilichopasuka. Nyumba nzima yenye simu janja moja, ambayo baba anakwenda nayo kazini. Bi mkubwa mwenye kiswaswadu, anayejua kitufe cha kijani na chekundu na hana haja ya kingine. Mjukuu anayeshika simu ya bibi, anayejua namba yake ya siri, na ambaye kesho akigombana na bibi bado atakuwa anaijua. Simu iliyokwapuliwa mkononi jioni ukiwa kwenye boda. Kadi ikipotea umepoteza kadi. Simu ikipotea nayo ndiyo kitambulisho, benki, na namba ambayo ujumbe wa uthibitisho unatumwa, utajithibitisha kwa nani, na kwa kutumia nini?

Mtandao wenyewe nao hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM iliharibika, na intaneti ikayumba Tanzania na nchi jirani kwa siku kadhaa. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima, na ikachukua siku kadhaa kurudi. Sababu za matukio hayo mawili ni tofauti kabisa, na hapa si mahali pa kuzijadili. Kwa mgonjwa aliyeko mapokezi ya Hospitali ya Bombo matokeo ni yaleyale: kama kitambulisho chake kinasubiri mtandao, siku hiyo hana kitambulisho.

Kwa hiyo kadi ya plastiki ibaki, na ibaki na hadhi kamili, na asiye na simu asisukumwe foleni ya nyuma. Hapo naomba tusaidiane upande wetu pia. Mwaka 2023 Serikali iliondoa ukomo wa muda kwenye vitambulisho vya Taifa, kwa hiyo kadi yako yenye tarehe iliyopita bado ni kadi. Na wapo kati yetu ambao wamekaa na namba tu miaka kwa miaka ilhali kadi zao zimeshachapwa na zinawasubiri. Mapema 2025 NIDA ililazimika kutangaza kwamba itafunga matumizi ya namba za waliotumiwa ujumbe wakachukue kadi wasiende. Nendeni mkachukue. Anayedai kadi isifutwe huku ameiacha ya kwake kwenye boksi la ofisi ya mtaa, hoja yake inachechemea.

Wenzetu wa ng'ambo ya mpaka wa Horohoro wametutangulia, kwa mema na kwa machungu. Na si watu wa mbali: Mdigo wa Moa ana shangazi Vanga. Kenya ilipoanzisha Huduma Namba mwaka 2019, wananchi walikwenda mahakamani, wakiongozwa na jukwaa la haki la Wanubi, jamii ambayo kwa miaka mingi imepata tabu kupewa vitambulisho na inajua mfumo ukikusahau maana yake nini. Januari 2020 Mahakama Kuu ikaruhusu mpango uendelee kwa masharti, ikakataza kukusanya vinasaba vya watu na mahali hasa wanapoishi. Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah akasema kadi zile zilitolewa kinyume cha sheria kwa kuwa tathmini ya madhara kwa faragha haikufanywa kwanza. Mpango uliofuata, Maisha Namba, nao ulisimamishwa na kuruhusiwa zaidi ya mara moja.

Nairobi ndiko pia watu walikopanga foleni kwenye ukumbi wa KICC mwaka 2023 kupigwa picha za mboni za macho na mradi wa Worldcoin, wengi kwa ajili ya malipo ya sarafu za kidijitali yaliyokuwa na thamani ya karibu shilingi 7,000 za Kenya. Serikali ikausimamisha Agosti mwaka huo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data zile zifutwe. Siwacheki waliopanga foleni. Mtu mwenye njaa ukimuuliza jicho lake lina thamani gani atakutajia bei ya unga. Ninachokiona ni kwamba kuuliza, hata kwa kuchelewa, kulizaa amri ya kufuta.

Mbali zaidi, Uswisi iliwapigisha wananchi wake kura juu ya kitambulisho cha kielektroniki mwezi Machi 2021. Wakakikataa, karibu theluthi mbili, kwa sababu kingetolewa na kampuni binafsi. Serikali ikarudi mezani. Septemba 2025 ikaleta kingine: kinatolewa na Serikali yenyewe, ni cha hiari, na taarifa zinakaa ndani ya simu ya mwenyewe. Kikapita kwa asilimia 50.4, kwa tundu la sindano. Nchi ile haikurudi nyuma kwa kukataa mara ya kwanza. Ilipata kitambulisho bora kuliko kile cha awali.

Na sisi hatuko mikono mitupu. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda maisha binafsi ya mtu, maskani yake na mawasiliano yake. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na Tume yake ambayo Rais Samia aliizindua Aprili 2024. Kwa sheria hiyo anayechukua taarifa zako anapaswa kukueleza anazichukua kwa lengo gani, asizitumie kwa jingine, na wewe una haki ya kuziona, kuzisahihisha na kulalamika kwa Tume. Alama za vidole na sura yako zimo kwenye kundi la taarifa nyeti. Mtu anayezitoa kinyume cha sheria anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 20 au kufungwa hadi miaka 10. Sheria ina mapungufu yake: Mei 2024 Mahakama Kuu iliona baadhi ya vifungu vyake havieleweki vya kutosha ikataka virekebishwe. Lakini ipo, imeandikwa, na Chumbageni sijasikia mtu akiitaja mbele ya kaunta hata mara moja.

Basi tuitaje. Wenye steshenari, mna nguvu kuliko mnavyodhani: mkifuta picha ya mteja mbele ya macho yake baada ya kuchapa, na mkabandika ukutani kikaratasi kinachosema mnafanya hivyo, mteja atawapita wengine wawili aje kwenu. Kopi zilizoharibika zichaneni, msizipeleke kwa muuza karanga. Wenye ofisi, daftari la getini liwe na jina na saa, inatosha, na kama namba ya simu ni lazima iandikwe na mlinzi kwenye karatasi ambayo mgeni anayefuata haioni. Viongozi wa vikoba na vikundi vya misiba, acheni kukusanya picha za NIDA za wanachama ndani ya kikundi cha WhatsApp cha watu mia. Wamiliki wa nyumba, mpangaji aonyeshe kitambulisho, msome, mwandike mnachohitaji kwenye mkataba, mrudishieni, yaishe.

Vijana wetu mnaokaa barazani jioni na bando la usiku, kila mmoja achukue wazee wawili wa nyumba za jirani. Wawekeeni kufuli kwenye simu. Wabonyezeeni *106# mkiwa nao, wasome wenyewe. Ingieni kwenye ruhusa za programu mkazime zinazosoma majina na picha bila sababu. Futeni picha za vitambulisho zilizozagaa. Namba ya siri wachague wenyewe, nanyi mgeuze uso wakiiandika.

Na kwenu wenyeviti wa mitaa mliochaguliwa Novemba 2024: mkutano wa mtaa unaofuata, baada ya taka na mitaro, wekeni ajenda hii. Mwalikeni ofisa wa NIDA wa wilaya, aje na majibu ya maswali matatu ambayo yaandikwe kwenye muhtasari. Mwenye kiswaswadu atahudumiwaje Jamii Namba ikija? Ambaye kidole hakisomi ana njia gani nyingine, na imeandikwa wapi? Mtu akiombwa kitambulisho cha simuni, ni nani ana haki ya kukiomba, na ataona nini? Muhtasari ukishasainiwa, nakala moja ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtaa, nyingine iende kwa diwani aipeleke kwenye Halmashauri ya Jiji, na mtu achaguliwe palepale mkutanoni wa kufuatilia majibu.